Prevalensi au insidensi, karantini au kutenga, kohoti au kesi-kontroli: unachaguaje bila kukariri (kwa wanafunzi wa unesi)

Wiki ya pili ya fildi nilipewa kazi nikaiona ndogo kweli, inchaji wa kituo akaniambia we si umesoma epidemiolojia, hebu chukua rejista ya kliniki ya presha utuchoree chati ya mwezi tubandike ukutani. Nikakaa nikahesabu mistari, nikapata 61, nikachora mnara mrefu kwa maka peni nyekundu na juu yake nikaandika "wagonjwa wapya wa presha: 61". Ikakaa ukutani siku tatu. Siku ya nne akaja mama mmoja msimamizi kutoka wilayani, akaisoma, akanigeukia na kuniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiki kijiji kimepatwa na nini?"

Nikarudi kwenye rejista na rula, namba ya kadi moja moja. Ile mistari 61 ilikuwa ya watu 38 tu, maana dawa zilikuwa zinatolewa za wiki mbili kwaiyo wengi walikuja mara mbili, na kuna bibi mmoja alikuja mara tatu kila akifika anaambiwa dawa yake imeisha rudi Ijumaa. Na kati ya hao 38, waliogundulika mwezi ule walikuwa 4. Yani daftari moja lina namba tatu, 61 ni mahudhurio, 38 ni watu wanaoishi na tatizo waliofika kliniki, 4 ndo wapya, na mimi nimebeba ya kwanza nikaivalisha jina la tatu.

Tangu hapo niliacha kukariri maana za maneno moja moja kama zilivyo kwenye madesa, maana haya maneno yanatuchanganya yakija mawili mawili, na ukiyaweka pembeni kwa pembeni ukajiuliza anayeniuliza anataka kuamua nini, lile la kuchagua linajitokeza lenyewe. Nitapita yale yaliyonisumbua mimi, mengine nitakaa nayo sana mengine kidogo.

Prevalensi na insidensi

Fikiria daladala imesimama kituoni, kuwa ndani ya gari ndo kuwa na ugonjwa. Prevalensi ni abiria waliomo ndani saa hii, wote, waliopanda leo asubuhi na waliopanda toka mwanzo wa safari. Insidensi ni wanaopanda, ndani ya muda fulani, kutoka kwa wale waliokuwa wamesimama kituoni. Hapo kwenye "waliokuwa wamesimama kituoni" ndo wengi tunapigwa kwenye mtihani, maana namba ya chini ya mstari inabadilika: kwenye prevalensi unagawa kwa watu wote, kwenye insidensi unagawa kwa wale ambao bado hawajaupata ugonjwa mwanzoni mwa kipindi, mtu aliyekwisha kaa kwenye siti huwezi kumhesabu tena kwamba anaweza kupanda.

Na kuna wanaoshuka. Wanashuka kwa kupona au kwa kufa. Mafua watu wanapanda wengi na wanashuka haraka, ukichungulia ndani siku yoyote gari halijajaa sana. Kisukari wanapanda wachache wachache ila hawashuki haraka, miaka inapita gari linajaa mpaka mlangoni.

Mfano wa kweli wa hili ni VVU hapa kwetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na kuendelea Tanzania wanaishi na VVU, ni kama watu milioni moja na nusu, wakati maambukizi mapya kwa mwaka yalikuwa asilimia 0.18, kama watu 60,000. Mtu akiona hiyo 4.4 anaweza kusema mbona mapambano hayaendi, kumbe ARV zimefanya watu wasishuke kwenye gari kwa kifo kama zamani, wanaishi, wanazeeka, wanasomesha watoto, kwaiyo prevalensi inaweza kubaki juu kwa sababu ya jambo jema. Ukitaka kujua kinga inafanya kazi angalia wanaopanda.

Kwaiyo unachagua hivi, anayepanga dawa, vitanda na manesi wa kliniki anahitaji prevalensi, maana yeye analisha waliomo. Anayeuliza kampeni yetu imezuia kitu au haijazuia, mpe insidensi. Na yule wa wilayani anayeuliza kituo kina kazi kiasi gani kwa mwezi, huyo ndo mpe ile 61 yangu, ila iandikwe mahudhurio.

Vifo kati ya wagonjwa na vifo kati ya wakazi

Hapa nitabuni mitaa miwili ili hesabu ionekane, kipindupindu kimeingia yote miwili. Mtaa wa juu una watu 4,000, wameugua 80, wamekufa 4. Mtaa wa chini nao una watu 4,000, wameugua 400, wamekufa 4.

Ukigawa vifo kwa wakazi wote mitaa hii ni mapacha, kifo 1 kwa kila watu 1,000. Ukiishia hapo utagawa vifaa nusu kwa nusu na utakuwa umekosea kote. Sasa gawa vifo kwa wagonjwa, mtaa wa juu ni 4 kwa 80, asilimia 5, mtaa wa chini ni 4 kwa 400, asilimia 1. Afu gawa wagonjwa kwa wakazi, juu asilimia 2 wameugua, chini asilimia 10.

Mtaa wa chini una shida ya maji na vyoo, ugonjwa umesambaa, ila wakifika karibu wote wanapona. Huko peleka klorini, watu wa afya ya mazingira, magari ya maji. Mtaa wa juu ugonjwa haujasambaa sana ila wanaoupata wanakufa, na kipindupindu kikitibiwa vizuri kwa ORS na dripu vifo vinatakiwa viwe chini ya asilimia 1, kwaiyo asilimia 5 inakuuliza maswali magumu, watu wanachelewa kufika? Usiku kuna nesi? Ringa (maji ya dripu) imeisha? Huko peleka maji ya mshipani na mikono ya kutundika, na weka vituo vya ORS karibu na watu.

Ila kabla hujamlaumu mtu wa mtaa wa juu angalia kitu kimoja, kipindupindu watu wengi wakikipata hawaumwi sana au hawaumwi kabisa. Inawezekana huko juu nao wameugua mia tatu ila walioandikwa ni wale mahututi tu waliobebwa na bodaboda, wengine wamekunywa maji ya chumvi na sukari nyumbani yakaisha. Namba ya chini ikiwa ndogo kwa sababu hukuhesabu, asilimia inapanda yenyewe. Ndo maana unaona siku za kwanza za mlipuko mara nyingi vifo vinaonekana vya kutisha afu asilimia inashuka kadri watu wanavyotafutwa mitaani, ugonjwa wenyewe haujabadilika chochote.

Karantini na kutenga

Hii ni fupi ila naisikia inakosewa mpaka redioni. Kutenga ni kwa mgonjwa. Karantini ni kwa mtu asiyeumwa aliyekutana na mgonjwa, unamsubirisha uone kama ataumwa, na muda wa kumsubirisha unatoka kwenye muda ambao ugonjwa unakaa mwilini kabla ya dalili.

Marburg, ugonjwa wa homa kali wa virusi, ilipotangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023, kesi zilifika 9 na waliokufa ni 6, ila watu waliofuatiliwa kwa sababu walikutana na wagonjwa walikuwa zaidi ya 200. Marburg inaweza kukaa mpaka siku 21 kabla ya dalili, kwaiyo waliokutana na wagonjwa unawafuatilia siku 21, homa inapimwa, wakitoa dalili wanahamia upande wa kutengwa. Mlipuko ukatangazwa umeisha tarehe 2 Juni, baada ya kuhesabu siku 42, ambazo ni 21 mara mbili. Mtihani ukikuuliza 42 imetoka wapi jibu ndo hilo.

Sasa mtu anakuja anasema basi na kipindupindu tuwaweke watu karantini. Hapana. Kipindupindu kinachukua saa chache mpaka siku 5, na wanaokibeba bila dalili ni wengi mno huwezi kuwajua, utafungia mtaa mzima na vibrio (kile kijidudu chenyewe) atatoka na maji. Pale unatenga wagonjwa kambini, vitanda vyenye tundu na ndoo chini, kinyesi kinawekwa dawa kabla ya kumwagwa, na nguvu iliyobaki yote iende kwenye maji, mikono na chakula. Unachagua kwa kuangalia mtu asiye na dalili unaweza kumtambua au la, na ugonjwa unapita njia gani.

(Na ukiwa kambini ndoo za klorini mbili usizichanganye, 0.05% ni ya mikono, 0.5% ni ya sakafu, viatu na vifaa. Nimeona mwenzangu amenawa ile kali zamu nzima, jioni mikono imebabuka kama amepika pilau la harusi bila mwiko.)

Ngazi za kinga

Wote tunajua wimbo, ya kwanza kuzuia ugonjwa usianze, ya pili kuugundua mapema, ya tatu kupunguza madhara ukishakuwepo. Saratani ya mlango wa kizazi ndo mfano rahisi kuliko yote: chanjo ya HPV (kirusi kinacholeta saratani hiyo) kwa mabinti, iliyoanza kutolewa nchi nzima Tanzania mwaka 2018, ni ya kwanza, kumpima mama kwa siki na kugandisha au kuunguza kidonda kabla hakijawa saratani ni ya pili, mionzi na dawa za maumivu kwa aliyekwisha ugua ni ya tatu.

Kinachotutoa jasho ni maswali yenye watu wawili. Mama mjamzito ana VVU anatumia ARV, ni kinga ya ngazi gani? Darasani kwetu tulibishana mpaka kengele ikalia, nusu wanasema ya tatu nusu wanasema ya kwanza. Wote walikuwa sahihi ila hakuna aliyeuliza kinga ya nani. Kwa mama ni ya tatu, ugonjwa upo na tunazuia usimharibu. Kwa mtoto aliye tumboni ni ya kwanza, yeye hajaupata na tunataka asiupate. Kidonge kimoja, ngazi mbili. Kwaiyo swali lolote la ngazi anza kwa kumtaja mtu kwa kidole, huyu, afu uliza huyu ameshaupata au bado. Kama hajaupata ni ya kwanza, kama anao na hajui wala haumwi ni ya pili, kama ameshajulikana anao au anaumwa ni ya tatu. Kumpima presha mtu aliyekuja kusindikiza mgonjwa, ya pili. Kumfundisha huyo huyo kupunguza chumvi wakati presha yake ni nzuri, ya kwanza.

mRDT na darubini

Hili ni la wodini kabisa. Kile kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, kinatoa jibu ndani ya dakika 15 mpaka 20, hakihitaji umeme, na nesi wa zahanati anakisoma mwenyewe. Darubini inataka mtu aliyezoea, slaidi safi, rangi nzuri na utulivu, ila inakuhesabia vijidudu. Kwa mgonjwa mpya mwenye homa zahanati, mRDT haina mpinzani. Kwa mtu aliyemaliza dawa wiki iliyopita na homa imerudi, usichukue mRDT, maana vipimo vingi vinavyotumika hapa vinasoma protini inayobaki kwenye damu wiki kadhaa hata vijidudu vikishakufa, utamwambia bado ana malaria kumbe ana UTI. Huyo slaidi. Na malaria kali unayotaka kujua vijidudu vinapungua au la, slaidi.

Ila mpambano mkubwa upo kwenye sensitiviti na spesifisiti. Sensitiviti ni kati ya wenye ugonjwa kipimo kimekamata wangapi, spesifisiti ni kati ya wasio nao kimewaachia wangapi. Ukitaka kutomkosa mgonjwa, kama damu ya kuongezewa mtu, chagua sensitiviti kubwa. Ukitaka kuthibitisha kabla ya kumwambia mtu jambo zito la maisha, unaongeza cha pili chenye spesifisiti kubwa, ndo maana VVU hatutoi jibu la chanya kwa kipimo kimoja.

Na hizo mbili hazijibu swali la mgonjwa aliyekaa mbele yako, yeye anauliza nimeambiwa ninayo, kweli ninayo? Hapo inaingia prevalensi tena. Chukua kipimo cha kubuni, sensitiviti asilimia 95, spesifisiti asilimia 95. Pima watu 1,000 sehemu ambayo 300 kweli wana malaria. Utakamata 285 wa kweli, na kati ya 700 wazima utawasingizia 35. Waliopata chanya ni 320, wa kweli 285, kama asilimia 89. Sasa beba kipimo hicho hicho uende sehemu ambayo wenye malaria ni 20 kwa 1,000. Unakamata 19, unawasingizia 49 kati ya 980. Chanya 68, wa kweli 19, asilimia 28. Kipimo ni kile kile boksi ni lile lile. Ndo maana nesi aliyetoka Tabora au Kigoma ambako malaria ipo juu akihamia Kilimanjaro inabidi abadilishe jinsi anavyoiamini ile mistari miwili, na historia ya safari ya mgonjwa inakuwa sehemu ya kipimo.

Krosi-seksheno, kesi-kontroli, kohoti

Hapa ndo wa mwaka wa mwisho mnaponiandikia usiku wa manane. Chagua kwa kuuliza unaanzia wapi. Kesi-kontroli unaanza na ugonjwa, unachukua walioumwa na wasioumwa, unarudi nyuma kuuliza walifanya nini. Kohoti unaanza na tabia, unachukua wanaofanya na wasiofanya, wote wakiwa wazima, unasubiri mbele. Krosi-seksheno unapiga picha leo, ugonjwa na tabia kwa pamoja.

Kuna watu wawili walifanya zote mbili kwa swali moja kwaiyo unaweza kuziweka mezani uzione. Uingereza mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichukua wagonjwa 709 wa saratani ya mapafu na wengine 709 wasio nayo, wakawauliza kuhusu sigara. Kati ya wanaume 649 wenye saratani wasiovuta walikuwa 2 tu, kwa wenzao 649 wasio na saratani wasiovuta walikuwa 27. Haraka, rahisi, na kwa ugonjwa usio wa kila siku ndo njia pekee ya mtu mwenye haraka. Ila watu wakasema mgonjwa anakumbuka tofauti na mzima, anajitafutia sababu, na kweli hilo ndo donda la kesi-kontroli. Basi mwaka 1951 wakawaandikia madaktari wa Uingereza barua, wewe unavuta kiasi gani, wakajibu kama 40,000, wakawafuatilia wanakufa na nini. Hapo hakuna anayekumbuka vibaya maana aliulizwa kabla hajaumwa. Jibu likawa lile lile, ila ufuatiliaji ulienda mpaka 2001, miaka 50. Doll alikuwepo mpaka mwisho, Hill alishafariki 1991.

Kwenye hesabu, kohoti inakupa insidensi kwaiyo unaweza kusema anayevuta ana hatari mara kadhaa ya asiyevuta, hiyo ndo riski resho. Kesi-kontroli haikupi, maana we mwenyewe ndo umeamua wagonjwa wawe wangapi, kwaiyo unatumia odzi resho, yani unalinganisha odzi za kuwa na ile tabia (wenye nayo gawa kwa wasio nayo) kwa wagonjwa na kwa wasioumwa. Ukiweka riski resho kwenye kesi-kontroli umejitafutia sapu (mtihani wa kurudia). Mlipuko wa kuharisha baada ya sherehe ambapo waalikwa wote wanajulikana na orodha ya michango ipo, fanya kohoti ya kurudi nyuma, yani ugonjwa umeshatokea ila bado unaanza na tabia, waliokula kachumbari dhidi ya wasiokula. Mlipuko wa mji mzima ambao hujui walioguswa ni akina nani, kesi-kontroli, na kontroli wako chukua majirani wa mgonjwa, usichukue manesi wenzako kwa sababu tu wapo karibu, hao maji ya kunywa wanapata kwingine.

Na kama we ni mwanafunzi una wiki sita, hela ya kutoa kopi madodoso mia moja na nauli ya kwenda kliniki mara nne, chukua krosi-seksheno bila aibu, ila jua inakupa prevalensi tu na haijui kipi kilitangulia. Ukikuta wenye presha wanakula chumvi kidogo usishangae, wameshaambiwa waache. Kwenye sura ya tano ya ripoti yako futa kila palipoandikwa "inasababisha" weka "inahusiana na", maana siku ya kutetea mwalimu wa kwanza kuuliza anaanzia hapo hapo.